Mnaoshika kambi za hifadhi za Texas miezi mitano kabla halafu hamtokei, mna shida gani?

Wakuu, habari za wikendi. Yangu imeharibika, na uzi huu nauelekeza kwenu mlioko Dallas, Houston, Austin na San Antonio ambao siku hizi mmenogewa na kulala porini. Karibuni sana, pori ni letu sote. Ila kuna tabia mmeingia nayo huko na sasa imenifika hapa.

Kwa asiyejua nazungumzia nini: hifadhi za jimbo huku zina kambi za kuegeshea gari, una bomba, una umeme, bafu liko jirani. Hizo sina ugomvi nazo leo. Ninazozisema ni zile za kwenda kwa mguu. Gari unaliacha, unabeba begi mgongoni maili moja au mbili, na ukifika unachokuta ni kipande cha ardhi na kibao chenye namba. Maji ama umekuja nayo ama unachuja ya mtoni. Sehemu nyingi moto wa kuni ni marufuku, kwa hiyo chai na ugali ni juu ya kajiko ka gesi. Kama choo hakipo, unachimba kashimo ka sentimita 15 hadi 20, kama hatua 70 kutoka kwenye maji, unafukia. Taka zote unarudi nazo. Hakuna starehe yoyote na ndiyo raha yenyewe.

Bei katika hifadhi nyingi haifiki dola 20 kwa usiku. Ubaya wote unaanzia hapo.

Nafasi zinafunguliwa miezi mitano kabla. Joto la Texas mnalijua, hakuna mwenye akili timamu anayelala hemani Julai kwa hiari, kwa hiyo sote tunagombania wikendi zilezile za Machi, Aprili, Oktoba na Novemba. Sasa anakuja mtu anashika wikendi tatu mfululizo "nione kwanza hali ya hewa". Anakwenda moja. Mbili zilizobaki hata kughairi haghairi, kisa hela yenyewe ndogo. Kwenye mtandao panasoma pamejaa, ukienda porini ni vibao na mijusi tu.

Wikendi hii nimeyaona kwa macho yangu. Hifadhi siitaji. Nilipata kanafasi ka usiku mmoja baada ya kuuchungulia ukurasa wa kuweka nafasi asubuhi na jioni kama mganga anayesubiri mteja. Pale getini mbele yangu kulikuwa na mzee mmoja Mkongomani na vijana wake wawili, wamevaa mabegi tayari, wametoka Houston alfajiri wakibahatisha. Wakaambiwa pamejaa. Wakageuza gari. Mimi nikatembea hadi ndani, nikaweka hema, jua likazama, na zaidi ya nusu ya viwanja vilivyonizunguka havikuwa na mtu. Usiku kucha! Nililala kwa hasira, aisee.

Kilichonimaliza ni kugundua kwamba viwanja kadhaa vilikuwa vimeshikwa na jamaa zetu wenyewe. Kuna kikundi cha WhatsApp cha matembezi, Wabongo na Wakenya mchanganyiko, kiongozi alivikusanya mapema kwa majina ya watu tofauti. Kiwanja kimoja kinabeba hadi watu wanane, lakini mabwana wakubwa kila familia inataka chake. Wiki yenyewe ilipofika huyu kapangiwa shifti, yule mtoto ana mafua, mwingine kasikia kuna nge. Safari ikafa. Nikamwandikia kiongozi kistaarabu kabisa, "Kaka, mngeviachia basi hata Alhamisi, wengine wakapata." Jibu: "Hela tumelipa sisi, wewe inakuhusu nini?"

Inanihusu hivi. Sehemu kubwa mno ya ardhi ya Texas ni mali ya watu binafsi, imezungushiwa waya. Nyumbani Tanzania unaweza kwenda kijijini kwa shangazi ukapiga hema shambani, huku ukikanyaga ranchi ya mtu utakimbizwa. Hifadhi za jimbo, ambazo gavana Pat Neff alizipigania zikaundiwa bodi mwaka 1923, ndiyo sehemu chache mtu wa kawaida anaweza kulala chini ya miti bila kuuliza mtu. Na hata hizo zinaponyoka. Mwaka 2023, mwaka uleule wa kuadhimisha karne moja, hifadhi ya Fairfield Lake ilifungwa kwa sababu ardhi haikuwa ya jimbo, ilikodishwa kutoka kampuni ya umeme, na kampuni ikamuuzia mwekezaji. Novemba ya mwaka huo wapiga kura walipitisha mfuko wa dola bilioni 1 wa kununulia ardhi za hifadhi mpya. Vizuri, ila hifadhi haioti kama uyoga, na watu wanaongezeka kila siku.

California waliona hadi ikabidi watunge sheria, AB 618, ya kuwabana wanaoshika kambi na kuingia mitini. Ningependa na huku ije, na iwe na meno. Mtu asipotokea siku ya kwanza, kesho yake saa sita mchana kiwanja kirudi mtandaoni. Akirudia, afungiwe msimu mzima. Najua mtaniita mnoko, sawa tu.

Habari ya wanaobeba spika hadi porini na kupiga muziki saa saba usiku, nitaifungulia uzi wake.

Kwa sasa nataka jambo moja. Kama una nafasi za Novemba na moyoni unajua huendi, ingia ughairi sasa hivi kabla hujajibu hapa. Na wewe kiongozi wa kikundi, najua unasoma uzi huu: wiki ya Thanksgiving mmeshika viwanja vingapi, na wanaokwenda kweli ni wangapi?