Bloku ya mzee imekwama Nakuru: ni nani hutia sahihi?

Binti wa Lanet, Leicester (Jumapili usiku)

Wapendwa wa huku na wa nyumbani, salaam. Naomba ushauri wa yeyote aliyewahi kutoa sampuli ya mgonjwa katika hospitali ya nyumbani na kuileta huku Uingereza isomwe upya. Baba yangu, mwenye umri wa miaka 74, alikuwa fundi wa mabomba ya mvuke katika kiwanda kimoja cha sukari upande wa Kisumu tangu 1974 hadi 1991, kisha akahamia Nakuru kufuga ng'ombe wake wawili, wala hakuwahi kuumwa hata jino. Mwaka jana alianza kuhema akitoka zizini. Walimtoa maji kifuani, lita mbili kasoro, wakampa dawa za TB kwa miezi sita, na maji yakarudi. Hatimaye alifanyiwa biopsi, yaani alikatwa kipande cha tishu, na ripoti iliyotoka ina mistari miwili tu inayosema kwamba inaelekea kuwa mesotelioma, ile saratani ya utando wa pafu inayohusishwa na vumbi la asbesto. Aina yake haikutajwa.

Nimempata mwanapatholojia (daktari wa kuchunguza tishu) hapa aliye tayari kuisoma bloku, yaani kipande hicho kilichogandishwa katika nta. Kaka yangu amekwenda ofisi ya kumbukumbu ya hospitali hiyo mara nne. Mara ya kwanza aliambiwa alete kitambulisho cha mzee. Mara ya pili, mzee aje mwenyewe. Mara ya tatu, barua ya daktari yenye muhuri. Na mara ya nne, barua ikiwa mkononi, akaambiwa kwamba mwenye ufunguo wa kabati yuko likizo. Swali langu ni moja: ni nani hasa hutia sahihi ili bloku itolewe, na je, kuna fomu?

Mama Nafula, Reading

Pole sana, mwanangu. Marehemu mume wangu alipitia njia hiyo hiyo kule Bungoma: TB miezi sita, kisha miezi mingine miwili kwa sababu "hakumaliza vizuri", ilhali mimi mwenyewe nilikuwa nikimhesabia vidonge kwa simu kila jioni. Kilichomsaidia mwishoni si dawa kubwa, bali mrija mwembamba waliomwachia ubavuni, ambao shemeji yangu alijifunza kuufungua nyumbani na kuyatoa maji kidogo kidogo katika chupa. Alilala usingizi usiku ule kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Kuhusu bloku, mimi nisingewasumbua watu wa ofisi. Maji ya kifuani yanatosha. Wayapime tena hayo.

Fundi wa Maabara, Leeds

Mama Nafula, kwa heshima zote, maji hayatoshi, na ushauri huo unaweza kumpotezea mzee mwezi mzima. Nimekata tishu katika maabara ya patholojia kwa miaka tisa, kwa hiyo nivumilieni nikieleza kirefu.

Maji ya kifuani mara nyingi hayana chembe (seli) za kutosha, na aina ile iitwayo sarkomatoidi huwa haimwagi chembe ndani ya maji, hivyo mgonjwa anaweza kuwa na uvimbe mnene kama ganda la chungwa na maji yake yakasomwa kuwa safi. Kinachohitajika ni kipande cha utando wenyewe unaozunguka pafu. Kipande hicho hugandishwa katika nta ndani ya kijisanduku cha plastiki kinachotosha kushikwa kwa vidole viwili, chenye namba iliyoandikwa ubavuni. Hiyo ndiyo bloku. Ukiielekeza kwenye mwanga utaona nyama yenyewe, si kubwa kuliko punje ya mahindi, na ndani ya punje hiyo ndimo yalimo majibu yote.

Miaka ya nyuma tulitegemea rangi za kalretinini na WT1, ambazo huonyesha kwamba chembe zimetoka katika utando huo na si katika pafu lenyewe. Hazituambii, hata hivyo, kama chembe hizo ni saratani au ni utando uliokasirishwa na ugonjwa mwingine, TB ikiwemo. Jipya la miaka hii ni BAP1 na MTAP: mojawapo ya protini hizo ikiwa imetoweka ndani ya chembe za utando, hiyo ni saratani. Zikiwepo zote mbili, bado haijathibitishwa kuwa si saratani, na hapo ndipo wengi hukosea. Siku hizi hata mesotelioma ambayo haijaanza kupenya tishu imepewa nafasi yake katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2021.

Wala tusiwatukane madaktari wa nyumbani kuhusu TB. Kipimo cha GeneXpert hushindwa mara nyingi kuipata TB ndani ya maji ya kifuani hata inapokuwepo, kwa hiyo kuanza dawa bila uthibitisho si ujinga. Kosa ni kuendelea nazo maji yanaporudi.

Mama Nafula, Reading

Sikumtukana daktari yeyote, kaka. Nilisema nilihesabu vidonge.

Baba Awino, Glasgow

Dada, usisahau upande wa fedha. Jaza mara moja fomu ya serikali ya huku ya fidia ya ugonjwa wa kazini, kwani ugonjwa huu hulipwa kwa kiwango cha juu bila kusubiri zile siku tisini za magonjwa mengine. Huku Clydebank, palipokuwa na viwanda vya meli, jirani yangu mwanamke hakuwahi kushika asbesto maishani mwake. Alikuwa akifua ovaroli za mumewe tu, na alilipwa kwa mpango wa serikali wa 2008 wa wagonjwa wa mesotelioma. Pia nina binamu anayemtafutia mjomba wetu daktari wa upasuaji nchini India, akisema kwamba wakiutoa utando wote mapema mtu hupona. Huenda mzee naye akafaa.

Fundi wa Maabara, Leeds

Baba Awino, fomu hiyo ni ya mtu aliyeajiriwa huku, na mpango wa 2008 unadai kwamba asbesto ilimpata mtu ndani ya Uingereza. Mzee alilivuta vumbi lake Kenya. Tafadhali tusimpe dada kazi ya kujaza makaratasi yatakayorudi.

Na upasuaji: uliwekwa kwenye mizani katika utafiti wa MARS 2, uliochapishwa 2024, wenye wagonjwa 335 katika hospitali za Uingereza. Wote walipewa kemotherapia, na nusu yao wakapasuliwa pia kuondolewa utando. Nusu ya waliopasuliwa waliishi zaidi ya miezi 19.3, nusu ya wasiopasuliwa, zaidi ya miezi 24.8. Waliopasuliwa pia walipata madhara makubwa zaidi. Mwambie binamu yako azisome namba hizo kabla ya kununua tiketi.

Mwalimu Mstaafu, Kisumu

Hamjambo, watoto wangu. Mimi niko nyumbani, nasoma tu mnayoandika. Je, hamdhani ni vumbi la makapi ya miwa? Nilifundisha watoto wa wafanyakazi wa viwandani kwa miaka mingi, na kikohozi cha makapi kilijulikana na kila mtu. Kuhusu asbesto, nyumba za walimu tulizopewa zilikuwa na mapaa hayo ya kijivu. Mvua ya Aprili ikinyesha hayakupiga kelele kama mabati, na tulijisifu kwamba tunaweza kusikiliza redio. Maji tulikinga kwenye pipa chini ya paa hilo na kuyanywa. Kanuni za taka za 2006 ziliitaja asbesto kuwa taka hatari, na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ikatoa mwongozo wa kuiondoa mwaka 2011, lakini ukipanda kilimani hapa leo bado utayaona mapaa yale, mengine yamevunjwa na vipande vyake vimetandazwa njiani kuzuia matope. Kila uchaguzi tunaahidiwa mapaa mapya.

Fundi wa Maabara, Leeds

Shikamoo, Mwalimu. Kikohozi cha makapi yaliyoota ukungu ni ugonjwa mwingine kabisa. Ule huja baada ya saa au miezi, hautengenezi uvimbe katika utando, nao hutulia mtu akitoka vumbini. Huu wa asbesto hukaa kimya miaka 20, 30, hata 50. Wafanyakazi wengi wa viwanda vile walivuta yote mawili. Nasi tusiwe na haraka ya kulaumu paa: paa zima lisiloguswa si sawa na kamba ya asbesto ya kufungia mabomba iliyokatwa kwa msumeno.

Binti wa Lanet, Leicester

Shikamoo, Mwalimu, na ahsante. Ilikuwa kamba. Nyeupe, nene kama mkono wa mtoto, na baba aliikata kwa kisu akiwa ameilaza juu ya paja. Alirudi nyumbani suruali ikiwa na unga, na mama akaikung'uta mlangoni kabla ya kuifua. Sasa kisa cha jirani wa Baba Awino hakinipi usingizi, lakini mama ni mzima, na nitauliza hilo siku nyingine.

Ninachohitaji sasa ni bloku. Familia imeanza harambee, na wajomba wanataka kuuza kipande cha shamba ili mzee apewe nivolumabu na ipilimumabu.

Fundi wa Maabara, Leeds

Dada, waambie wajomba wasubiri aina. Katika utafiti wa CheckMate 743, uliochapishwa 2021, nusu ya wagonjwa wote waliopewa dawa hizo mbili za kuamsha kinga waliishi zaidi ya miezi 18.1, dhidi ya 14.1 kwa kemotherapia. Ila tazama ndani. Kwa wenye aina isiyo epitelioidi, ile sarkomatoidi ikiwemo, tofauti ilikuwa kubwa: 18.1 dhidi ya 8.8. Kwa wenye epitelioidi, ambao ndio wengi, ilikuwa 18.7 dhidi ya 16.5, na tofauti hiyo ni ndogo mno kuuzia shamba ikiwa mnalipa wenyewe, kwa kuwa dawa za kemotherapia, yaani pemetreksedi na dawa za jamii ya sisplatini, zina matoleo ya bei nafuu. Kwa anayetibiwa huku bila malipo ningesema mengine.

Tena usiombe bloku peke yake. Omba bloku, au ikishindikana, slaidi (vipande vyembamba vya bloku juu ya kioo) kumi na tano zisizotiwa rangi. Maabara nyingi hukataa kutoa bloku lakini hukubali kukata slaidi. Bloku ikitoka, isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, ni nta.

Mama Nafula, Reading

Mimi za mume wangu niliambiwa na karani kwamba ni mali ya hospitali, na mpaka leo sijui zilipo. Muulize kaka yako kama mzee anaweza kuwekewa mrija wakati mnangoja.

Binti wa Lanet, Leicester (Alhamisi)

Mrija atawekewa Jumatatu, Mama. Ahsante. Kaka amerudi ofisini leo. Mwenye ufunguo bado yuko likizo, ila kijana mmoja amemwonyesha daftari, na mbele ya namba ya mzee kumeandikwa A na B, maana yake bloku ni mbili. Slaidi atakata, amesema, akipata sahihi. Ya nani, hakusema.

Baba Awino, Glasgow

Samahani kwa kuingilia. Je, yupo humu ambaye baba yake alifanya kazi ya kufunga kamba hizo miaka ya themanini? Binamu yangu anasema mjomba hakumbuki kama zilikuwa nyeupe au za samawati, na daktari ameuliza.