Tupeane uzoefu: siku ulipochungulia mipangilio ya mfumo wa faili ukakuta usichokitarajia

Mzee wa Temino (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za humu. Miaka yote nimeishi na imani kwamba diski ni diski tu: unaiformati, unajaza, ikijaa unafuta. Wiki iliyopita nimeumbuka.

Nina diski ya TB 4 ya nakala rudufu, ni ext4 (mfumo wa faili wa Linux), haina kazi nyingine. Nikiwa naipakia vitu ikagoma, ikadai nafasi imekwisha. Nikapiga `df -h`, amri ya kuonyesha nafasi ya diski. Ukubwa ukitoa kilichotumika, zinabaki kama GB 200, lakini safu ya nafasi iliyobaki inasema sifuri. Nikahisi nimepigwa, nimeuziwa diski feki. Nikaanza hata kutafuta risiti.

Kumbe ext4 yenyewe ndivyo ilivyo. Usipoiambia lolote wakati wa kuformati, inatenga asilimia 5 ya bloku zote (vipande vya kuhifadhia data) ziwe za ruti, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, peke yake. Kwenye diski ndogo huwezi kujua. Kwenye TB 4 hiyo ni GB 200 zimekaa tu. Nimeiona kwa kupiga:

`sudo tune2fs -l /dev/sdb1`

Huo mstari wa "Reserved block count" ndio mchawi wangu. Nikaandika `sudo tune2fs -m 0 /dev/sdb1`, sekunde moja, nafasi ikarudi. Sikuformati tena, sikupoteza faili hata moja.

Basi nikajiuliza ni mangapi mengine yamo humo nisiyoyajua. Leteni ya kwenu, yawe ya kulia au ya kucheka.

Binti Seva

Mzee, hongera, ila kabla watu hawajakimbia kunakili hiyo amri: kwa diski ya nakala rudufu ni sawa. Kwa diski yenye mfumo wenyewe, USIWEKE SIFURI.

Ile akiba haikuwekwa kwa ubahili. Programu ya mtumiaji wa kawaida ikijaza diski yote, ruti anabaki na pa kupumulia: logi (kumbukumbu za matukio ya mfumo) zinaandikwa, huduma za mfumo zinaendelea, na wewe unaweza kuingia ukasafisha. Faida ya pili, inapunguza faili kukatwakatwa vipande diski inapokaribia kujaa.

Tuliwahi kurithi seva ambayo mtu kabla yetu aliiweka sifuri. Usiku logi zikajaa hadi bloku ya mwisho. Unaingia kama ruti, unabonyeza Tab ikukamilishie jina la folda, shell, programu inayopokea amri zako, inakujibu haiwezi kuunda faili ya muda. Tab tu, jamani! Hapo ndipo utaijua thamani ya ile asilimia 5. Mimi diski kubwa naziwekea 1, ya mfumo siigusi.

Nyaya Mbili

Ya kwangu ni ndugu ya hiyo, lakini ilinitesa zaidi.

Programu moja ya wavuti ilianza kukataa watu kuingia. Logi inasema "No space left on device". Napiga `df -h`, diski imetumika asilimia 38. Nikasema huu ni uongo. Nikaiwasha upya seva (ndiyo, najua, msinicheke). Hali ile ile. Nikafuta faili moja kubwa la zamani, GB 3 nzima, bado inalia haina nafasi. Nikahamia kwenye nadharia za ajabu: labda diski inakufa, labda kuna faili lililofutwa ila programu bado imelishikilia. Hili la mwisho hutokea kweli, na `lsof +L1` hulifichua. Halikuwa hilo.

Saa nyingi baadaye ndipo nikabadilisha herufi moja: `df -i`. Asilimia 100.

Kwa asiyejua: kila faili linahitaji inodi yake, yaani kadi yenye taarifa zake, mwenyewe ni nani, ruhusa zipi, data iko bloku zipi. Kwenye ext4 idadi ya kadi hizo hupangwa siku ya kuformati, kwa kawaida moja kwa kila baiti 16,384. Diski yangu ilikuwa GB 20, hivyo ilipewa inodi 1,310,720 na basi. Programu ile ilikuwa inaandika kifaili kidogo kwa kila mgeni, na kazi ya kuvifagia ilikufa miezi mingi nyuma bila mtu kujua. Ghala lina nafasi tele, lakini kadi za kupokelea mzigo zimekwisha.

Folda yenye dhambi niliipata hivi:

`sudo du --inodes -x / | sort -n | tail`

Nikaingia nikapiga `rm *`. Ikakataa, orodha ni ndefu mno. Ikabidi `find . -type f -delete`, nikaenda kulala, asubuhi ikawa imemaliza.

Lililoniuma ni kwamba `tune2fs` haina namna ya kukuongezea idadi ya inodi. Ama unaipanua diski, na `resize2fs` inapokua huja na inodi mpya, ama unaformati upya ukitaja uwiano mdogo, mfano `mkfs.ext4 -i 4096`. XFS, mfumo mwingine wa faili wa Linux, haina kero hii kwa kiasi hicho, yenyewe hutengeneza inodi kadiri zinavyohitajika. Sasa hivi seva yoyote ninayokabidhiwa, `df -i` ndiyo salamu yangu ya kwanza.

Dirisha Wazi

Sisi wa Windows tunaruhusiwa kuchangia au hili ni jamvi la penguini wa Linux tu?

Mzee wa Temino

Karibu sana mkuu, diski haichagui dini.

Dirisha Wazi

Haya. Flashi ya GB 64, tupu kabisa, nanakili video ya GB 6, inaniambia faili ni kubwa mno. Nikaitupa droo, nikachukua nyingine, nayo hivyo hivyo. Zote zilikuwa na mfumo wa faili wa zamani, FAT32, na FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4. Mwisho wake ni baiti 4,294,967,295, yaani baiti moja pungufu. Ukubwa wa flashi hauna maana hapo.

Kama ina vitu hutaki kuvipoteza, kuna `convert E: /fs:ntfs` inayoibadilisha kuwa NTFS, mfumo wa faili wa Windows, bila kufuta, ila nakala weka kwanza. Kama ni tupu na utaihamisha kati ya mashine za kila aina, iformati exFAT umalize.

La kuchungulia kwa upande wetu: fungua temino kama msimamizi, andika `fsutil fsinfo ntfsinfo C:` uone ukubwa wa klasta (kipande kidogo zaidi cha nafasi ambacho faili hupewa) na mengineyo. Na `fsutil dirty query C:` itakuambia kama diski imewekewa alama ya kuhitaji ukaguzi.

Nyaya Mbili

Kwa wenye mifumo miwili kwenye mashine moja: ukiwa Linux ukakuta patisheni ya Windows inasomeka tu, haiandikiki, usianze kuilazimisha. Mara nyingi ni ule mpangilio wa Windows wa kuwaka haraka (Fast Startup). Ukiizima haizimiki kabisa, inalala na kuiacha NTFS nusu njiani. `powercfg /h off` ndani ya Windows, zima vizuri, tatizo linakwisha.

Fundi Kimya

fstab, faili linaloiambia Linux diski za kuunganisha inapowaka. Diski ya nje. Sikuweka `nofail` (endelea hata kama diski haipo).

Mtu akaichomoa. Seva ikawashwa upya, ikaisubiri sekunde 90, ikakata tamaa, ikaingia hali ya dharura. Seva haina skrini, mimi niko safarini.

Siku hizi: UUID (kitambulisho cha kudumu) badala ya /dev/sdb, `nofail`, halafu `findmnt --verify` na `mount -a` kabla ya kuthubutu kuizima.

Kichwa Maji

Wakuu nimesoma mahali kwamba ukiweka `noatime` na `barrier=0` mashine inapaa. Naweka?

Binti Seva

Hizo ni habari mbili tofauti, mdogo wangu. `noatime` haina madhara kwa wengi, inaiambia Linux isiandike saa ya kusomwa kila unapofungua faili. Ila usitarajie kupaa: tangu kerneli 2.6.30 ya mwaka 2009 chaguo la kawaida ni `relatime`, ambalo tayari limeondoa sehemu kubwa ya mzigo huo.

Hiyo ya pili mwachie Diski Kongwe akusimulie, najua anapita hapa.

Diski Kongwe

Umeniita kwenye kidonda, dada.

Niliweka `barrier=0`, yaani nikazima kizuizi cha uandishi. Kweli, kunakili kulichangamka. Kizuizi hicho kazi yake ni kuhakikisha daftari la mabadiliko linafika kwenye diski kwa mpangilio wake, si kubaki kwenye kumbukumbu ya muda ya diski. Umeme ukakatika nikiwa katikati ya kuhamisha folda. Uliporudi, patisheni haikubali kumaunti (kuunganishwa kwenye mfumo). Bloku kuu, ile yenye ramani ya mfumo mzima, imeharibika.

ext4 huwa inaweka nakala za bloku kuu sehemu kadhaa. Kujua ziko wapi unaweza kutumia `mke2fs -n`. Hiyo `-n` inamaanisha "igiza tu". Ukiisahau, umeformati! Nilisoma ule mstari mara saba kabla ya kubonyeza Enter, mkono unatetemeka. Kwa bloku za KB 4 nakala ya kwanza huwa namba 32768, hivyo:

`e2fsck -b 32768 /dev/sdc1`

Ikauliza maswali mengi mpaka nikachoka kujibu "y". Sehemu kubwa ikarudi. Nyingine nikazikuta ndani ya lost+found zikiwa na majina ya namba tupu, na mpaka leo kuna picha sijui ni za sherehe gani. Kichwa Maji, usiweke.

Kichwa Maji

Nimeshaelewa mkuu, siweki.

Mzee wa Temino

Binti Seva, nimebadilisha, akiba sasa ni asilimia 1. Halafu nimepitia diski zangu zote kwa `tune2fs -l` nikisoma kila mstari. Kuna moja imemauntiwa mara 412, "Maximum mount count" ni -1, na tarehe ya mwisho kukaguliwa ni siku niliyoiformati. Kwa hiyo haijawahi kukaguliwa?

Diski Kongwe

Ukaguzi kamili, hapana. Hiyo -1 maana yake kujikagua kila baada ya kumauntiwa mara kadhaa kumezimwa, na kwenye matoleo mapya ndivyo inavyokuja. Ukitaka ijikague yenyewe mfumo unapowaka, weka `tune2fs -c 50` (kila mara 50) au `-i 6m` (kila miezi 6), na kwenye fstab namba ya mwisho ya mstari wake isiwe 0. Kwa leo ipige `e2fsck -f` kwa mkono. Lakini iwe umeshaitoa kwa `umount`. Ukiikarabati ikiwa bado inatumika utakuja kufungua uzi mwingine hapa.

Mzee wa Temino

Naitoa sasa hivi. Inasema iko bize, ngoja nitafute nani kaishikilia.

Fundi Kimya

`fuser -vm`

Mzee wa Temino

Ni mimi mwenyewe. Temino ya pili imekaa ndani ya folda yake.