Wajukuu wa Kisimani 💧

[07:12] Da Zuhura: Asalaam alaykum. Maji ya kisima yapelekwe kupimwa Jumamosi. Kila nyumba elfu tano. Nani yupo?

[07:31] Da Zuhura: Nawaona mmesoma. Tiki za buluu kumi na moja.

[09:40] Hamadi: Kwani yana nini? Sie tumekulia hayo hayo na meno tunayo

[09:41] Mwanakhamis: Meno? 😂😂 Lile la mbele liko wapi

[09:41] Hamadi: Ile harusi ya Chake tusiizungumze

[09:55] Da Zuhura: Jamani. Mwana wa Asha ana miezi mitatu, maziwa yake ya kopo yanakorogwa kwa maji hayo.

[10:02] Asha: Nayachemsha da Zuhura, mpaka yatokote

[10:20] Salum Iowa: Kuchemsha kunaua vijidudu, ile kemikali ya naitreti haitoki. Maji yakipungua sufuriani ndo inazidi kukolea. Huku Marekani, mji wa Des Moines, inatoka kwenye mbolea za mashamba ya mahindi, inaingia mtoni. Mji una mtambo wa kuitoa tangu miaka ya 90. Kiangazi cha 2025 ulielemewa, tukakatazwa kumwagilia majani ya uani

[10:21] Hamadi: Yakhe majani yanamwagiliwa 😂 Na sie mahindi hatuna

[10:24] Salum Iowa: Kwetu inatoka kwenye makaro ya vyoo. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 50 kwa lita. Ikizidi, damu ya mtoto mchanga hushindwa kubeba hewa, midomo inageuka buluu

[10:26] Mwanakhamis: Karo? Haya. Nani alichimba karo hatua tisa kutoka kisimani?

[10:26] Mwanakhamis: Nilihesabu mwenyewe

[10:31] Hamadi: Umeanza. Mambo ya marehemu baba tushayazika

[10:33] Mwanakhamis: Ami tumemzika. Karo lipo

[10:34] Juma: umeme umekatika kwetu tu au Jang'ombe nzima

[10:35] Da Zuhura: JUMA

[13:15] Fatma: Bibi kaniambia niandike kama anavosema: "Kisima kachimba baba yangu, akakiweka wakfu. Mtaa mzima unateka. Karo kachimba mwanangu, nami nilikuwepo, nikanyamaza. Hamadi, njoo baada ya alasiri."

[17:48] Hamadi: Nimetoka kwa bibi. Karo nitaliangalia. Elfu tano yangu Ijumaa inshallah

[17:49] Da Zuhura: Utaliangalia vipi, litahama?

[17:52] Da Zuhura: Chupa isuuzwe kwa maji ya kisima chenyewe, ifike maabara siku hiyo hiyo. Nani ana gari?

[20:10] Asha: Ya mtoto nimenunua ya dukani kwanza

[21:03] Mwanakhamis: Jumamosi si maulidi kwetu?

[22:08] Juma: umerudi