Naomba ushauri: mtego wa maneno ya IGHT kwenye Wordle

Wakuu, naomba msaada kwa mnaocheza Wordle, ule mchezo wa kubahatisha neno la Kiingereza lenye herufi 5 kwa majaribio 6.

Kinachonisumbua ni maneno yanayofanana mkia. Ukishapata IGHT zote za kijani (yaani herufi sahihi, mahali sahihi) unadhani kazi imeisha, kumbe ndiyo kwanza unaingia mtegoni: EIGHT, FIGHT, LIGHT, MIGHT, NIGHT, RIGHT, SIGHT, TIGHT. Manane hayo, na WIGHT sijaigusa. OUND nayo ni balaa vilevile (BOUND, FOUND, HOUND, MOUND, POUND, ROUND, SOUND, WOUND).

Kwenye hali ya kawaida dawa naijua: unatupia FILMS, inakupimia F, L, M na S kwa mpigo mmoja. Ila mimi nacheza ile hali ngumu, ambayo kila dokezo ulilopewa lazima ulitumie tena, kwa hiyo FILMS inakataliwa. Na tafadhali msiniambie nirudi kwenye rahisi.

Je, mnafungua na maneno gani ili kuchuja R, S, L na N mapema, kabla IGHT haijajitokeza? Na ikishajitokeza, mnaanza kujaribu herufi ipi?