Viongozi wa timu za mtaani, mnasubiri mtoto afie uwanjani ndiyo mnunue boksi la huduma ya kwanza?

Wakuu, salaam. Nina hasira na sitaificha. Jina la klabu silitaji kwa sababu watoto wanaocheza pale ni wa majirani zangu na sitaki waanze kunyooshewa vidole, ila wahusika wakisoma watajijua. Ni timu ya mtaa huku Mbagala. Ina kikosi cha wakubwa na cha vijana chini ya miaka 17, ina katibu, mweka hazina, mhuri na kundi la WhatsApp lenye kelele tangu alfajiri. Boksi la huduma ya kwanza haina.

Juzi kati, nusu fainali ya bonanza, mpwa wangu anayecheza beki wa kati aliruka kuokoa kona wakagongana kichwa kwa kichwa na mshambuliaji. Akaanguka chali, mikono imekakamaa hewani. Watu wakavamia uwanja. Mmoja anammwagia maji usoni, mwingine anampepea kwa jezi, wa tatu anahangaika kumtia vidole mdomoni eti asimeze ulimi. Hakuna aliyemtuliza kichwa na shingo, hakuna aliyewafukuza watu apate hewa. Huyo tunayemwita daktari wa timu akaja mbio na kopo la spray ya kupoza misuli, akampulizia kwenye paji la uso, vidole viwili juu ya macho!

Kijana alipofumbua macho akaulizwa, "Uko poa?" Akaitikia kwa kichwa. Basi, akarudishwa ndani. Mabadiliko yalikuwa yameisha na bingwa alikuwa anaondoka na ng'ombe. Kipa wetu alinieleza baadaye kwamba dogo alimfuata akamuuliza, "Sisi tunafunga goli lipi?" Mchezaji hajui anashambulia upande gani, na benchi zima linampigia makofi akaze!

Kipyenga cha mwisho kilipolia akatapika pembeni ya benchi. Gari hakuna, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiria kwamba siku ya mechi linaweza kuhitajika. Alipakiwa mshikaki kwenye bodaboda, katikati ya dereva na mwenzake aliyemkumbatia asidondoke, shingo inayumba kila wakipanda tuta. Hospitali wakasema ni mtikisiko wa ubongo, apumzike, na mpira asiuguse mpaka aruhusiwe. Namshukuru Mungu leo anakula na anaongea vizuri, lakini hilo halimsafishi mtu yeyote aliyekuwa kwenye lile benchi.

Ubongo uliotikisika ukipigwa tena kabla haujapona unaweza kuvimba na kuua, na walio kwenye hatari zaidi ni hawa hawa vijana. Ndiyo maana IFAB, bodi inayotunga sheria za mpira, iliruhusu majaribio ya mabadiliko ya ziada kwa mchezaji aliyeumia kichwa tangu 2021, na mwaka 2024 ikayaingiza kwenye sheria kwa mashindano yatakayotaka kuyatumia. Bonanza la mtaani nalo linaweza kukubaliana hivyo kabla ya mechi. Ni maneno tu kati ya makocha wawili na refa, hayagharimu hata shilingi.

Nililileta suala hili kwenye kundi kwa heshima zote. Kiongozi mmoja akanijibu, "Mpira ni mchezo wa kugongana, kama hutaki mtoto aumie mpeleke akacheze bao." Mwingine akaandika kwamba natumwa, kwa sababu uchaguzi wa klabu umekaribia. Nilipouliza ada tunazokusanya zinaenda wapi, nikatolewa kwenye kundi.

Sasa acha niulize hapa. Kwenye lile bonanza walichukuliwa mamluki wawili, wakalipiwa nauli, wakapewa na posho. Jezi mpya zilishonwa seti nzima. Bandeji, gozi, plasta, glavu, mikasi, dawa ya kusafishia vidonda na kipozeo chenye barafu, vyote hivyo ndivyo vimekosa bajeti? Uwanja wenyewe una vipande vya chupa upande wa pili karibu na kibanda, watoto wanachanika magoti na kidonda kinaoshwa kwa maji ya kunywa. Kinga za ugoko wanavaa wachache wenye uwezo, wengine wanachomeka maboksi kwenye soksi. Sheria namba 4 inamtaka kila mchezaji avae kinga za ugoko, lakini refa wetu anakagua njumu tu, basi.

Na magoli, jamani! Uwanja ni wa shule, kwa hiyo yale magoli ya bomba la chuma tunayahamisha kila jioni. Yamesimama tu juu ya mchanga, hayana kigingi wala mfuko wa mchanga nyuma. Watoto wa chandimu wananing'inia kwenye mtambaa panya huku wakubwa wanapasha misuli, na goli zima linainama mbele. Sheria namba 1 kabisa ya mpira inasema goli lisilokazwa vizuri lisitumike, kwa sababu goli likimwangukia mtoto kichwani au kifuani linaua, na limeshaua watoto katika nchi nyingi. Vigingi vinne na nyundo, mwenyekiti!

Wapo watakaosema nakuza mambo. Desemba 2016, Ismail Khalfan wa timu ya vijana ya Mbao FC alianguka Uwanja wa Kaitaba, Bukoba, akafariki. Kijana mdogo kabisa, na mechi ile ilikuwa ya mashindano rasmi. Mwaka 2021 Christian Eriksen, kiungo wa timu ya taifa ya Denmark, alianguka uwanjani Copenhagen moyo umesimama, lakini watu wakaanza kumkandamiza kifua pale pale na mashine ya kushtua moyo ikaletwa, leo yuko hai. Mashine kama ile sitegemei klabu yetu iwe nayo. Lakini kukandamiza kifua ni mikono miwili katikati ya kifua, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike. Kocha anaweza kujifunza, nahodha anaweza, hata mama anayetuuzia maji pale uwanjani anaweza. Msalaba Mwekundu wanatoa mafunzo ya huduma ya kwanza. Kuna kiongozi gani wetu aliyewahi kwenda hata kuuliza?

Kikao cha wanachama ni Jumapili saa 10 jioni, pale pale uwanjani. Kadi yangu ya uanachama ni hai na ada nimelipa, kwa hiyo kunitoa WhatsApp hakunizuii kusimama na kuongea. Nataka mweka hazina asome matumizi ya bonanza mbele ya wazazi, magoli yakazwe kabla ya mazoezi ya Jumatatu, boksi linunuliwe na akabidhiwe mtu mmoja mwenye jina, na kijana yeyote akigongwa kichwa atoke asirudi siku hiyo, hata kama tunacheza pungufu. Wazazi wa Mbagala mnaosoma hapa na watoto wenu wanachezea timu za mtaa, njooni. Na kama timu ya kwenu imeshaweka utaratibu wa haya mambo, andika hapa chini mlianzaje na mlitumia shilingi ngapi, nikawasomee kikaoni.