Nimechaguliwa kushiriki chemsha bongo ya runinga: majibu nayajua, kitufe kinanishinda. Ushauri wenu wakuu

Kasuku Msomi (mleta mada)

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri, hasa kwa waliowahi kusimama mbele ya kamera za chemsha bongo au wanaozifuatilia kwa karibu.

Nimepita usaili wa kipindi cha maswali ya maarifa ya jumla na tunarekodi wiki chache zijazo. Jina la kipindi nimeliacha makusudi kwa sababu mkataba una masharti yake. Muundo ni huu: washiriki watatu, kila mmoja na kitufe chake. Mtangazaji anasoma swali, anayewahi kubonyeza ndiye anayejibu. Ukipata unaongezewa pointi, ukikosa unakatwa. Kwenye swali la mwisho mnatajiwa mada tu, kisha kila mtu anaandika dau lake kwa siri kabla ya kuliona swali lenyewe. Anayemaliza juu anachukua zawadi na kurudi kipindi kinachofuata, wengine wawili wanapewa kifuta jasho.

Mtihani wa maandishi haukunisumbua. Shida ilianza kwenye mchezo wa majaribio. Jamaa wa kushoto kwangu alikuwa ananiwahi karibu kila swali, na mengi ya hayo jibu lilikuwa mdomoni. Nikisema na mimi niwahi, nabonyeza kabla mtangazaji hajamaliza, kitufe kinagoma, mwingine anaokota.

Sasa muda huu uliobaki niutumie kusoma au kufundisha kidole? Na lile dau la mwisho linapigiwaje hesabu? Dada yangu anasema niweke zote, liwalo na liwe. Halafu kwenye michezo na familia za kifalme mimi ni mweupe kabisa. Kama na hilo lina dawa, nisaidieni.

Jogoo wa Alfajiri

Hongera mkuu! Ushauri sina, nimeketi nawasubiri wataalamu. Ila kama kuna ule msaada wa kumpigia rafiki simu, niweke mimi. Simu yangu haizimwi.

Mzee wa Kona

Mleta mada, hongera. Nianze na kitufe maana hapo ndipo penye ugonjwa.

Wote watatu mliopita usaili mnajua mambo, kwa hiyo ujuzi pekee hautakutenga na wenzako. Muundo wako unafanana sana na Jeopardy! ya Marekani. Kule kitufe kimefungwa mpaka mtangazaji amalize kusoma. Akimaliza, mtu wa pembeni anakifungua na taa zinawaka kandokando ya ubao. Ukitangulia unafungiwa robo sekunde. Inaonekana ndogo, lakini humo ndimo anamopita jamaa yako wa kushoto.

Wapo wanaosubiri taa, na wapo wanaofuata sauti ya mtangazaji, wanabonyeza pale silabi ya mwisho inapokatika. Mimi niko upande wa sauti. Mpaka jicho lione taa na kidole kiitike, mwenzako keshataja jibu. Sauti unaweza kuikadiria kabla haijafika mwisho, ilimradi unamjua msemaji. Kwa hiyo tafuta vipindi vya nyuma vya huyohuyo mtangazaji wako. Simama, usikae, maana studio mtasimama. Shika kalamu ya kubonyeza na ubonyeze kila swali, hata lile usilolijua. Hapo unakizoesha kidole, kichwa utakishughulikia saa nyingine. Utaona kwamba kila mtangazaji ana tabia yake: kuna anayeshusha sauti mwishoni, kuna anayepumzika kabla ya neno la mwisho ili kuleta mbwembwe. Huyo wa mbwembwe ndiye anayewafungisha watu vitufe.

Na kama swali linaonekana kwenye skrini, lisome kwa macho mpaka mwisho wakati yeye bado yuko katikati. Mfano: "Mto huu wa Ulaya unapita katika miji mikuu ya nchi nne." Ukishaona "miji mikuu" na "nne", ni Danube: Vienna, Bratislava, Budapest na Belgrade. Muda unaobaki mpaka anyamaze ni wa kutega kidole. Anayesubiri asikie yote ndipo aanze kufikiri, siku hiyo atakuwa mpiga makofi.

Jambo moja la kuwauliza siku ya mazoezi: je, kubonyeza mfululizo kunaruhusiwa, na ukifungiwa unafungiwa muda gani? Vipindi havifanani.

Nahodha Mstaafu

Mnajisumbua bure. Hivi vipindi mshindi anajulikana kabla. Ni maigizo tu.

Karani wa Zamani

Nahodha, hilo liliwahi kutokea kweli. Miaka ya 1950 huko Marekani, kipindi cha Twenty-One kilikuwa kinawapa washiriki majibu. Herb Stempel aliamriwa ashindwe, na mojawapo ya maswali aliyotakiwa kukosea lilihusu filamu iliyoshinda Oscar, filamu aliyoijua vizuri. Charles Van Doren aliyepangiwa kumshinda akawa nyota wa nchi nzima, mpaka mwaka 1959 alipokiri mbele ya kamati ya Bunge. Mwaka 1960 sheria ikapitishwa, na kupanga matokeo ya mchezo wa maswali kule ni kosa la jinai.

Siku hizi uchakachuaji ukitokea, mara nyingi ni wa mshiriki. Charles Ingram alifikia pauni milioni moja kwenye Who Wants to Be a Millionaire? ya Uingereza mwaka 2001, huku mtu akikohoa majibu sahihi yanapotajwa. Hela hakupewa, na mwaka 2003 mahakama ikamtia hatiani. Kwa hiyo mleta mada, ndugu yako mwenye mafua abaki nyumbani.

Ila Nahodha amenikumbusha jambo la maana. Siku ya kurekodi mtatengwa na wafanyakazi wanaoyajua maswali. Usishangae ukisindikizwa mpaka chooni. Usipige soga na mtu yeyote wa kipindi ambaye hukuelekezwa kuongea naye, hata kama ni salamu tu. Ukionekana umenong'ona na mtu, unajitafutia kuondolewa.

Kabati la Vitabu

Mimi nipite kwenye kusoma. Usimeze ensaiklopidia. Watunga maswali wanapenda mada zilezile: miji mikuu, sarafu, mito, elementi za kemia, marais, washindi wa Nobel, Olimpiki, Shakespeare. Unahitaji kidogo katika kila mada, na kile kidogo kitoke haraka.

James Holzhauer, yule aliyeshinda michezo 32 mfululizo ya Jeopardy! mwaka 2019, alisema alijiandaa kwa vitabu vya watoto vya maktaba. Watu walicheka, lakini fikiria: kitabu cha mtoto kinakupa mambo makubwa ya mada kwa kurasa chache, na picha juu. Swali la runinga nalo linataka hayohayo makubwa.

Kwenye wafalme, ukoo wote achana nao. Elizabeth II alitawala Uingereza kuanzia 1952 hadi 2022. Victoria, 1837 hadi 1901. Henry VIII, wake sita. Louis XIV wa Ufaransa, miaka 72 kwenye kiti. Kwa hayo tu hauko mweupe tena. Michezo vivyo hivyo: Olimpiki ya kisasa ilianza Athens 1896, Kombe la Dunia lilianza Uruguay 1930, Abebe Bikila alishinda marathoni ya Roma 1960 miguu mitupu, Usain Bolt alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 kule Berlin 2009.

Andika kwenye vikadi, swali mbele jibu nyuma, na ujibu kwa sauti. Kwa sauti, narudia. Mtu anayejibu kimoyomoyo anajipa alama kwa jibu ambalo hajalitamka, halafu studio ulimi unakuwa mzito. Vikadi unavyokosea virudi kesho, unavyopata vikae kwanza.

Angalia pia vitu vilivyobadilika, watunga maswali wanavipenda mno. Swaziland ikawa Eswatini 2018. Macedonia ikawa Macedonia Kaskazini 2019. Mji mkuu wa Kazakhstan uliitwa Nur-Sultan 2019, ukarudi kuitwa Astana 2022. Na ile mitego ya kudumu: Australia ni Canberra, Uturuki ni Ankara.

Kasuku Msomi (mleta mada)

Ahsanteni sana wakuu. Mzee wa Kona, nimejaribu hiyo ya kalamu jana usiku, mtangazaji wetu kweli ana pozi kabla ya neno la mwisho! Sikuwahi kuliona. Jogoo, kwetu hakuna simu ya rafiki, samahani.

Bado dau.

Jogoo wa Alfajiri

Basi. Hata hivyo ile simu watu wanaitumia vibaya. John Carpenter, wa kwanza kuchukua dola milioni moja kwenye Millionaire ya Marekani, Novemba 1999, alifika swali la mwisho akampigia baba yake. Akamwambia hahitaji msaada, anataka tu kumjulisha kwamba anakwenda kushinda milioni. Nikiwa na mtoto wa hivyo nitamkatia simu.

Mama Takwimu

Mwanangu Kasuku, dada yako mwambie apumzike. "Weka zote" ni ushauri wa mtu aliyekaa kwenye kochi.

Nikupe mfano wa kweli, na ni wa huyohuyo Holzhauer siku aliyotolewa, Juni 2019. Kabla ya swali la mwisho Emma Boettcher alikuwa na 26,600, Holzhauer 23,400, wa tatu 11,000. Holzhauer, mtu aliyezoeleka kuweka madau ya kutisha, aliweka 1,399 tu. Mtandaoni wakasema ameuza mechi. Piga hesabu uone.

Anayeongoza hujilinda dhidi ya wa pili kuweka zote na kupata. Mara mbili ya 23,400 ni 46,800. Boettcher aliweka 20,201, akipata anafika 46,801. Amempita kwa moja. Sasa wewe ni Holzhauer na unajua kwamba atafanya hivyo. Akipata, umeshindwa hata ukiweka zote. Akikosa, anaporomoka hadi 6,399. Kwa hiyo ushindi wako unategemea yeye kukosa, na wa kumwogopa hapo ni wa tatu, ambaye akiweka zote na kupata anafika 22,000. Toa 1,399 kwenye 23,400: inabaki 22,001. Yaani Boettcher akikosa, Holzhauer anashinda hata kama na yeye amekosa. Boettcher alipata, mambo yakaishia hapo, lakini dau lilikuwa sahihi kabisa.

Kwa kifupi ukiwa wa kwanza, zidisha pointi za wa pili mara mbili, ongeza moja, toa pointi zako, weka kinachobaki. Kama unamzidi wa pili zaidi ya mara mbili, weka kidogo au usiweke chochote, na usione aibu. Ukiwa wa tatu mbali sana ndipo dada yako anapata haki yake.

Nahodha Mstaafu

Na mada nayo? Ikiwa mada ya mwisho ni familia za kifalme naye kasema hajui kitu, hesabu zako zinasaidia nini?

Mama Takwimu

Zinasaidia zaidi, Nahodha. Dau dogo la wa pili halikuombi ujue jibu. Linakuomba uombee wa kwanza asijue.

Karani wa Zamani

Mengineyo ya haraka kwa mleta mada. Nguo zenye mistari myembamba ziache, zinacheza kwenye kamera. Beba zaidi ya nguo moja, maana ukishinda mnaweza kurekodi kipindi kingine saa hiyohiyo ukabadilishe, Jeopardy! wanarekodi vitano kwa siku. Kusubiri ni kurefu kuliko kucheza, kwa hiyo usimalize nguvu asubuhi kwa kuulizana maswali na washindani wako chumba cha kusubiria. Mwenye kuyataja majibu kwa mbwembwe pale mara nyingi anawatisha tu. Na kabla ya kusaini soma zawadi inalipwa lini. Malipo mengi hutoka baada ya kipindi kurushwa, usije ukaikopea.

Kasuku Msomi (mleta mada)

Mama Takwimu, nijaribu: wa kwanza ana 14,000, mimi 10,000, wa tatu 4,000. Wa kwanza atajilinda na 20,000 yangu, ataweka 6,001, akikosa anabaki na 7,999. Wa tatu akipata anafika 8,000. Basi niweke 1,999, nibaki na 8,001?

Mama Takwimu

Sawasawa.

Mzee wa Kona

Na kama wa kwanza ni mwoga akaweka sifuri?

Mama Takwimu

Hapo anahitaji 4,001 na jibu sahihi, ile 1,999 haimfikishi. Ndiyo maana Kasuku amwangalie huyo mtu tangu mwanzo: akiwa hana uhakika anabonyeza au anaacha? Anayebonyeza kwa kubahatisha ataweka 6,001. Anayeacha maswali yapite huku anaongoza, huyo mwekee 4,001.