Ana C+, anataka uuguzi, babake anataka digrii. Nimshauri vipi?

Bi Langoni
Assalaam alaykum wote. Nina binti wa kakangu, naishi naye hapa Amu (Lamu) tangu aingie kidato cha kwanza. Wazazi wake wako Kizingitini, baba ni mvuvi. KCSE, mtihani wa kidato cha nne, amepata C+. Naweka alama zote ili msinijibu kwa kubahatisha: Kiswahili B+, IRE (somo la dini ya Kiislamu) B+, Kiingereza C+, Bayolojia C+, Historia C+, Kemia C-, Hisabati D. (Hiyo Hisabati tulishalia tukanyamaza.)

Mtoto tangu darasa la sita wimbo wake ni mmoja, uuguzi. Babake naye kasikia C+ ni ya chuo kikuu, basi kwake mambo yamekwisha. Kila akirudi kutoka baharini na simu ikashika mtandao, neno ni lile lile: "Mwambie ajaze digrii ya uuguzi, si kapita?" Mimi nauza mahamri na viazi vya karai, shule niliishia darasa la nane. KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, naijua kwa jina.

Na nina hofu nyingine. Kijana wa jirani yangu alimpa jamaa wa saiba (duka la intaneti) nambari yake ya mtihani, akalipa, akaenda zake mpirani. Jamaa akajaza alivyojua yeye. Majibu kutoka, kijana kapelekwa magharibi mwa nchi kusomea kitu ambacho mamake mpaka leo hawezi kukitamka. Kutaka kubadilisha, paswadi anayo jamaa, na jamaa kahama. Sitaki yanikute.

Mwalimu wa Witu
Wa alaykum salaam Bi Langoni. Umefanya la maana kuweka alama zote. Wengi huja na "ana C+" basi, utadhani anamwambia daktari "naumwa" kisha anangoja dawa.

C+ inamruhusu kuomba digrii, lakini kila kozi ina masharti yake ya masomo. Digrii ya uuguzi inataka C+ katika Bayolojia, C+ katika Kemia, C+ katika Hisabati au Fizikia, na C+ ya Kiingereza au Kiswahili. Yeye Kemia C-, Hisabati D. Hapo hata tukeshe, tovuti yenyewe itamkatalia.

Sasa tazama diploma ya uuguzi ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya: wastani wa C, C ya Bayolojia, C ya Kiingereza au Kiswahili, halafu C- katika mojawapo ya Kemia, Fizikia au Hisabati. Umeiona? Ile C- ya Kemia mliyoisikitikia ndiyo inayomfungulia mlango. Na siku hizi KMTC wanaombwa kupitia KUCCPS, kwa hiyo ni tovuti ile ile.

Jambo la pili ni pointi za klasta, zile zinazoamua nani apate nafasi kwenye kozi, na hapa ndipo wazazi wengi hupotea. Chukua masomo manne ambayo kozi inayatazama, jumlisha pointi zake, gawanya kwa 48. Chukua jumla ya masomo yote saba, gawanya kwa 84. Zidisha hizo mbili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Binti yako jumla yake ni 49. Kwa masomo ya uuguzi (Bayolojia 7, Kemia 5, Hisabati 3, Kiswahili 10) ana 25, klasta inatoka kama 26. Lakini kwa kozi inayotazama, tuseme, Kiswahili, IRE, Historia na Kiingereza, anafika 34, na klasta inakaribia 31. Mtoto yule yule, C+ ile ile. Hesabu yangu ni ya kukadiria, zitakazotumika ni zile atakazoziona akiingia kwenye akaunti yake. Azilinganishe na pointi za mwisho za mwaka uliopita, zimeandikwa hapo hapo kando ya kila kozi.

Kijana wa Faza
Bi mkubwa, kwa alama hizo mimi ningejaza ualimu, Kiswahili na IRE. Ualimu wa digrii unataka C+ katika yale masomo mawili utakayofundisha, na yeye yote mawili ana B+. Nimesoma hivyo hivyo Pwani University. Kilifi si mbali, unavuka Mokowe, unapanda basi, jioni uko kwa wenyeji wako.

Nisiseme uongo lakini. Nimemaliza 2021 na TSC, wanaoajiri walimu wa serikali, bado wananiangalia tu. Nafundisha shule ya binafsi, mshahara wa kununua vocha.

Nesi Mkomani
@Kijana wa Faza sasa unamshauri au unamtisha 😂

Bi Langoni, mimi ni nesi wa diploma. Miaka mitatu chuoni, kisha mtihani wa baraza la wauguzi ndipo unapata leseni. Nikiwa kazini nikajiendeleza, sasa namalizia digrii. Mwambie kakako hivyo: mtoto haiachi digrii, anaifuata kwa ndia ya kuzunguka. Zamu yangu ya kwanza ya usiku nilimpokea mama aliyeletwa kwa boti kutoka visiwani huko juu, maji yalikuwa yamekupwa, walisukuma chombo mkondoni zaidi ya saa nzima. Alipojifungua hakuna aliyeniuliza kama nina diploma au nini.

La muhimu: KMTC ina kampasi nyingi, Lamu ipo, Kilifi ipo, lakini si kila kozi iko kila kampasi. Asijaze jina la mji, ajaze kozi kwenye kampasi inayoonyeshwa kwenye tovuti. Na mtu akikupigia simu akasema ana nafasi ya KMTC ya kuuza, kata simu. Hakuna nafasi ya kuuzwa.

Mzee wa Nahodha
Wanangu mwasema vyema, lakini hamjamwambia pesa zatoka wapi. Mikopo ya HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, ina riba, asilimia nne kwa mwaka. Mimi watoto wangu wawili niliwazuia. Mvuvi wa Kizingitini kusi ikivuma hata mchele ni wa kukopa, atalipa chuo na nini? Bi, uliza hili kwa mtu wa elimu ya dini unayemwamini, usiulize mtandaoni.

Nesi Mkomani
Shikamoo mzee. Hilo ni kweli, na kila nyumba hapa Amu ina jibu lake. Mimi nilikopa, wengine darasani walikataa katakata. Ila kuna pesa zisizo mkopo: basari ya CDF (mfuko wa eneo bunge) na ya kaunti. Wazazi wako Kizingitini, kwa hiyo ya CDF aombe Lamu Mashariki, kule wazazi wanakopigia kura, si huku kwako. Fomu itataka barua ya kuitwa chuoni, karatasi ya karo na muhuri wa chifu. Kwa hiyo hawezi kuomba leo. Lakini muhuri wa chifu anza kuufuatilia mapema, unajua mwenyewe.

Mwalimu wa Witu
Naongeza kuhusu saiba. Saiba si mbaya, mbaya ni kumwachia mtu akujazie. Akaketi yeye mwenyewe kwenye kiti. Nambari ya simu iwe ya kwake au yako, barua pepe ya kwake, paswadi mpya aiandike kwenye daftari la nyumbani. Ada ya kuomba KUCCPS ni shilingi 1,500, ailipe kwa M-PESA ya simu yako ili ujumbe ubaki kwako. Akimaliza, achape karatasi ya chaguo zake, muisome pamoja kwa sauti. Nimeona mtoto aliyejaza chuo sahihi na kozi ya jirani yake kwenye orodha, kidole kiliteleza mstari mmoja tu.

Na chaguo zote asizijaze ndoto. Ajaze ya moyo, ajaze na ambayo pointi zake zinaizidi kwa mbali.

Bi Langoni
Allah awalipe kheri. Jana usiku nimeongea na kakangu. Nilimsomea yale ya Mwalimu, Kemia, C-, yote. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekata. Kisha akauliza, "Diploma ni miaka mingapi?" Nikamwambia mitatu. "Na Lamu ipo?" Nikamwambia ipo. Akasema, "Basi aanze na hiyo, ualimu uwe chini yake." Riba tumesema tutakwenda kumuuliza shekhe wetu wakati ukifika, kwanza aitwe.

Sasa yuko hapa mezani na simu yangu, mafuta ya karai yako jikoni yanapoa. Anasema ameweka nambari ya mtihani na mwaka, lakini paswadi inakataa. Ameandika nambari ya cheti cha kuzaliwa.

Mwalimu wa Witu
Mara ya kwanza ni nambari ya cheti kama shule ilivyoiandika alipokuwa akisajiliwa mtihani, si lazima ifanane na iliyo kwenye karatasi uliyonayo. Ikikataa, ajaribu nambari yake ya KCPE, ule mtihani wa darasa la nane.

Bi Langoni
Ya KCPE imekubali. Anaandika paswadi mpya, ananiambia nisichungulie.